Tunaulizana Nini Baada ya Miaka 25?

Miezi michache kabla ya watu waliohitimu chuo pamoja kukutana tena, kila mmoja wao hupokea barua fupi kutoka kwa kamati ya maandalizi. Barua hiyo huomba jina kamili, anwani, kazi na cheo, hali ya ndoa, idadi ya watoto, tuzo au heshima alizopata mtu, na mwishoni kabisa huacha mistari michache kwa ajili ya "mengineyo". Majibu hukusanywa, huhaririwa na kuchapwa katika kijitabu, au siku hizi husambazwa kwenye kundi la WhatsApp, ili watu watakapoonana wasianze kwa kuulizana mambo ya mwanzo mwanzo. Mwaka huu tunatimiza miaka 25 tangu tuhitimu, nami ni mjumbe wa kamati ya namna hiyo. Nimesoma majibu yote yaliyotufikia, na nimefikia hitimisho ambalo nataka kulitetea hapa: habari tunazopeana katika umri wa makamo ni duni, na kosa si la wanaojibu. Kosa ni letu tunaouliza.

Si kwamba majibu hayo ni ya uongo. Karibu kila neno ndani yake ni kweli, na kila mtu alijibu alichoulizwa. Lakini nilipoyasoma yote kwa mfululizo jioni moja, niliona kwamba kama majina yangefutwa nisingeweza kuyarudisha mahali pake, ingawa ni majibu ya watu nilioishi nao bweni moja, nikala nao meza moja na kubishana nao hadi usiku wa manane. Mwenzetu aliyekuwa akiamka kabla ya alfajiri ili aandike mashairi wakati kelele hazijaanza, sasa ni "meneja mwandamizi, ameoa, watoto watatu". Yule ambaye hakuwahi kuingia chumba cha mtihani bila kutetemeka, na ambaye tulikuwa tukimsindikiza hadi mlangoni, sasa ni "mkurugenzi wa fedha". Njia aliyopita yule kijana hadi akawa mkurugenzi huyu ndiyo hasa ningependa kuijua, na ndiyo ambayo fomu haikuiuliza. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Sisi tumewaomba watu watuletee milango peke yake.

Desturi hii ya kuandikiana habari kabla ya kukutana ni ya zamani, hasa Marekani, ambako vyuo vimeipa mizizi na taratibu zake. Wahitimu wa Harvard hutoa kila baada ya miaka 5 kitabu chenye jalada jekundu ambamo kila mmoja hueleza maisha yake, na majarida ya wahitimu wa Yale na Princeton huwa na kurasa za habari zinazokusanywa na makatibu wa wahitimu wa kila mwaka. Historia hiyo inatupatia mfano ulio wazi wa jinsi habari za makamo zinavyoweza kupotosha hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kudanganya.

Katikati ya karne ya 20 ilitangazwa kwamba mtu wa kawaida miongoni mwa waliohitimu Yale mwaka 1924 alikuwa akipata dola 25,111 kwa mwaka, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Mwaka 1954 Darrell Huff, mwandishi wa Marekani, alitoa kitabu kilichokuja kusomwa sana kuhusu namna takwimu zinavyotumika kupotosha, na mfano wake wa kwanza ulikuwa tarakimu hiyo. Kwanza alishangazwa na usahihi wake, kwa kuwa ni nadra mtu kujua mapato yake mwenyewe hadi dola ya mwisho, sembuse mapato ya wenzake wote. Kisha akauliza ni akina nani waliopatikana na ni akina nani walioridhia kujibu. Ambao anwani zao hazikujulikana tena, kwa makisio yake, walikuwa kwa sehemu kubwa makarani, mafundi, walevi wasio na kazi, waandishi na wasanii waliokuwa wakiishi kwa taabu. Na miongoni mwa waliopatikana, wengi walioitupa fomu bila kuijaza bila shaka ni wale ambao hawakuwa na jambo la kujivunia. Waliobaki kuhesabiwa ni waliofanikiwa, na hata hao hatuna njia ya kujua ni nani alijiongezea kwa fahari na ni nani alijipunguzia kwa kumwogopa mtoza kodi.

Nimeutaja mfano huu kwa sababu ndicho kinachotokea kila tunapokusanya habari za wenzetu, hata pasipokuwa na swali la mapato. Kwetu, waliojibu mapema walikuwa wale ambao mambo yao yameshika njia. Kidogo zaidi ya nusu yetu walijibu, na nusu hiyo ikianza kusambazwa kama "habari zetu", anayeisoma akiwa katika ile nusu nyingine hujiona yuko peke yake. Hajui kwamba wako wengi kama yeye, kwa sababu kila mmoja wao amenyamaza kwa sababu ileile. Ukimya wao unafanya habari za wengine zionekane kuwa habari za wote, na kadiri habari hizo zinavyong'aa ndivyo ukimya unavyozidi. Hapo ndipo mtu huamua kwamba hatahudhuria, na kamati huandika mbele ya jina lake kwamba hakupatikana.

Nilipewa kazi ya kuwapigia simu waliokuwa kimya. Nilikwenda nikidhani nitakuta watu waliochoka na mambo ya chuo, au wenye shughuli nyingi. Baadhi walikuwa hivyo kweli, nao hawakunichukua dakika tano. Wengine walinieleza mambo ambayo sijaacha kuyafikiria. Dada mmoja, ambaye katika miaka yetu alikuwa akitufundisha hesabu bila malipo, tena vizuri kuliko hata walimu walivyotufundisha kwa mshahara, aliacha kazi miaka sita iliyopita ili amtunze mama yake ambaye amepoteza kumbukumbu na sasa hamtambui hata yeye. Aliniambia kwamba aliijaza fomu vizuri hadi alipofika kwenye kisanduku cha kazi na cheo, akakaa nacho siku mbili, kisha akaifunga. Nilimuuliza kwa nini hakuandika kwamba anamtunza mama yake. Alinijibu kwamba hakuona mahali pa kuliandika jambo hilo ambapo lisingesomeka kama udhuru.

Mwenzetu mwingine alikwama kwenye idadi ya watoto. Alizaa watatu na akamzika mmoja. Akiandika 2, atakuwa amemfuta mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe. Akiandika 3, watu watamuuliza ukumbini wako wapi na wanasoma wapi, na itambidi aeleze akiwa ameshika sahani ya chakula. Kisanduku chenyewe hakikuwa na nafasi ya maneno, kilitaka tarakimu moja tu. Mimi nilikuwa mmoja wa watu walioipitisha fomu ile, katika kikao ambacho tulitumia muda mrefu zaidi kujadili rangi ya fulana kuliko kujadili maswali, na nilipokata simu ile niliona aibu ambayo bado ninayo.

Kisanduku hakimwoni anayekijaza. Ushahidi mkali kuliko wote ulitokea Harvard mwaka 2012, waliohitimu mwaka 1962 walipokuwa wakijiandaa kukutana kwa mwaka wa 50. Miongoni mwao alikuwamo Theodore Kaczynski, aliyetega na kutuma mabomu kati ya mwaka 1978 na 1995, akaua watu 3 na kujeruhi 23. Yeye pia alitumiwa fomu, akaijaza gerezani na kuirudisha. Kwenye kazi aliandika kwamba ni mfungwa, na kwenye tuzo akaandika vifungo 8 vya maisha alivyohukumiwa na mahakama ya shirikisho ya California mwaka 1998. Majibu yake yalichapwa kama yalivyo, na chama cha wahitimu kikalazimika kuomba radhi. Watu wengi walikasirikia kuchapwa kwa maneno yale, na walikuwa na haki, hasa tukiwafikiria jamaa za waliouawa. Kwangu mimi jambo hilo linaonyesha pia kwamba fomu isiyoweza kumtofautisha muuaji na profesa, mradi kila kisanduku kimejazwa, haikuwa imetengenezwa ili kumfahamu mtu yeyote.

Tunauliza hivyo kwa nini, basi? Nadhani ni kwa sababu tumeazima maswali kutoka umri mwingine. Maswali ya kazi, ndoa na watoto ni maswali ya kijana wa miaka 28, ambaye kweli yuko katika kuamua mambo hayo, na ambaye kwake kila jibu ni habari mpya. Bernice Neugarten wa Chuo Kikuu cha Chicago, mmoja wa watafiti wa mwanzo kuuchunguza umri wa makamo kwa dhati, alieleza kwamba kila jamii ina saa yake inayomwambia mtu kama amewahi au amechelewa kuoa, kuzaa, kupanda cheo. Fomu zetu zinasoma saa hiyo tu. Lakini Neugarten huyohuyo aliona jambo la pili lililo muhimu zaidi: kwamba mahali fulani katikati ya maisha mtu hubadili namna ya kuhesabu miaka, akaacha kuhesabu ile iliyopita tangu azaliwe na kuanza kuhesabu iliyobaki. Habari ya makamo ni habari ya mtu aliyegeuza hesabu. Anajiuliza ni lipi alimalize na lipi aliache, ni nani amsamehe kabla wakati haujapita, na kama ile kazi aliyoitafuta kwa udi na uvumba ndiyo aliyoitaka. Kumuuliza mtu wa namna hiyo cheo chake ni kumuuliza swali ambalo yeye mwenyewe amekwisha kuacha kujiuliza.

Ni kweli pia kwamba umri huu umepewa sifa mbaya kuliko unavyostahili. Tangu mwaka 1965, mwanasaikolojia Elliott Jaques alipoandika makala iliyoupa ulimwengu dhana ya mgogoro wa katikati ya maisha, tumezoea kumwona mtu wa makamo kama mtu aliyepotea njia. Mwaka 2008 wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walitoa uchambuzi wa nchi nyingi ulioonyesha kwamba kuridhika na maisha hushuka hadi miaka ya 40 na kitu kisha hupanda tena, ingawa watafiti wengine wameupinga, wakisema kwamba mshuko huo ni mdogo au unategemea namna hesabu zinavyopigwa. Zaidi ya hayo yote, mimi navutiwa na utafiti ulioanzishwa na Ravenna Helson huko California, ambao uliwafuatilia wanawake waliohitimu Chuo cha Mills mwaka 1958 na 1960 hadi walipozeeka. Wengi wao walipofika mwanzoni mwa miaka ya 50 walieleza kwamba wako katika kipindi bora cha maisha yao: watoto wamekua, wanajiamini zaidi, sauti zao zinasikika. Habari ya namna hiyo haiingii kwenye kisanduku chochote kati ya vile nilivyovitaja, ilhali ni habari njema kuliko cheo.

Kuna jambo jingine linalowafanya watu tuliosoma nao kuwa wa pekee katika umri huu, na ndilo linalonifanya niukasirikie upotevu wa nafasi hii. Wenzetu wa chuo ni mashahidi. Walituona kabla hatujawa na mali, cheo wala jina, na katika miaka ambayo kumbukumbu huwa na nguvu kuliko miaka mingine. Watafiti wamegundua tena na tena kwamba watu wazima wakiombwa kukumbuka maisha yao, matukio ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 huwajia kwa wingi kupita kiasi. Sisi wenyewe hatuaminiki sana kuhusu nafsi zetu za zamani. Daktari wa akili Daniel Offer na wenzake waliwahoji vijana wa kiume wa miaka 14 nchini Marekani mwaka 1962, kisha wakawatafuta tena walipokuwa na miaka 48, wakawapata 67 kati ya 73, na kuwauliza walikuwa watu wa namna gani ujanani: wazazi wao walikuwaje kwao, walipenda nini, walionaje dini na nidhamu. Kwa maswali mengi majibu yao hayakuwa bora kuliko kubahatisha. Mtu wa miaka 48 hulishona upya vazi la ujana wake kulingana na umbo alilonalo sasa, bila kujua kwamba anashona.

Nimelishuhudia hilo mwenyewe. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia kwamba niliacha masomo niliyoyaanza nikahamia mengine kwa sababu niligundua wito wangu. Mwenzangu niliyempigia simu, tukiwa tunazungumza mambo mengine kabisa, alinikumbusha kwamba nilihama baada ya kushindwa mtihani mara mbili, na kwamba ni yeye aliyekaa nami usiku ule nikilia. Alilisema bila nia mbaya, akidhani nalikumbuka. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Kwa siku kadhaa lilinisumbua, kisha nikaona kwamba nimerudishiwa kitu, kwa kuwa kijana aliyeshindwa mara mbili na akaanza tena ni mtu ninayemheshimu kuliko yule aliyeitwa na wito. Hakuna mwenza wa ndoa, mtoto wala mfanyakazi mwenzangu angeweza kunirudishia usiku ule, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo.

Mashahidi wa namna hii tukiwafanya watazamaji wa maonyesho, wanageuka kuwa mizani. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba pasipo kipimo cha wazi, binadamu hujipima kwa wengine, na hasa kwa wale wanaofanana naye. Ni nani anafanana nawe kuliko mtu aliyeanza mbio siku moja nawe, mahali pamoja, akiwa na cheti kilekile? Ndiyo maana mafanikio ya mgeni hayatugusi, lakini yale ya mtu tuliyekaa naye dawati moja hutukosesha usingizi. Ulinganisho huo hauwezi kuondolewa, wala sidhani kwamba ni dhambi. Ninachopinga ni kamati kuuandalia jedwali.

Nakiri kwamba yapo mapingamizi, na yaliyo mazito yalitoka kwa wajumbe wenzangu ambao nawaheshimu. Walisema kwamba mkutano wa wahitimu si hospitali wala mahali pa kutubia. Watu wanakuja kufurahi, kucheza muziki wa enzi zao na kupiga picha, na ukiwaomba waandike maumivu yao utawafukuza. Walisema pia kwamba habari ikishaingia kwenye simu za watu wengi haina mlinzi, na kwamba mtu anayeandika leo kwamba alivunjika moyo huenda kesho akasomwa na mwajiri wake. Hoja hii ya pili ni ya kweli kabisa, na imenifanya nikubali kwamba kijitabu kisambazwe kwa karatasi tu, kwa wahusika tu. Hoja ya kwanza siikubali, kwa sababu inadhani kwamba nje ya majisifu kuna vilio peke yake. Kati ya hayo mawili kuna sehemu kubwa mno ya maisha: mtu aliyejifunza kupika akiwa na miaka 45 baada ya kuachwa na mkewe, mtu aliyerudi kanisani au msikitini au aliyeacha, mtu anayelima bustani, mtu ambaye hatimaye amepatana na kaka yake. Na aliyefanikiwa aseme kwamba amefanikiwa, tumpongeze kwa moyo mweupe. Wako wenzetu waliofika mbali kwa jasho, na furaha yao ni haki yao.

Uthibitisho kwamba wahitimu wenza wanaweza kuandikiana kwa ukweli hauhitaji kutafutwa mbali. Waandishi wa Marekani Nathaniel Hawthorne na Henry Wadsworth Longfellow walihitimu pamoja katika Chuo cha Bowdoin mwaka 1825, bila kuwa marafiki wa karibu wakati ule. Miaka 12 baadaye, Longfellow alikuwa profesa wa Harvard, naye Hawthorne alikuwa ameishi miaka mingi katika upweke, akiandika hadithi ambazo wachache walizisoma. Kama wangejaza fomu zetu, mmoja angeng'aa na mwingine asingejibu. Badala yake Hawthorne alimtumia mwenzake kitabu chake cha hadithi, kisha mwezi Juni mwaka 1837 akamwandikia barua akikiri kwamba amejifanya mfungwa wa nafsi yake, amejitia shimoni, na sasa hauoni ufunguo wa kujitolea nje. Longfellow alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wenye jina kukisifu kitabu hicho hadharani, na kuanzia hapo urafiki wao ulidumu hadi Hawthorne alipofariki mwaka 1864. Ninachokiona katika kisa hicho ni kwamba ukweli ulipita kwa sababu ulitumwa kwa mtu mmoja aliyetarajiwa kuupokea. Hakukuwa na kisanduku.

Upo pia ule utafiti maarufu ulioanza Harvard mwaka 1938 na wanafunzi 268, wote wa kiume, akiwamo kijana aliyekuja kuwa Rais John F. Kennedy, na ambao umeendelea kwa zaidi ya miaka 80. Wanaume hao walikuwa na vitabu vyao vyekundu vya kuandikia wenzao, kama wahitimu wengine wote wa chuo hicho. Lakini watafiti nao waliwauliza, kwa dodoso za mara kwa mara na mahojiano ya ana kwa ana, kuhusu ndoa zao, hofu zao, watu wa kuwapigia simu usiku wakiugua. Mkurugenzi wa sasa wa utafiti huo, Robert Waldinger, ameeleza kwamba walioridhika zaidi na mahusiano yao walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80, na kwamba jambo hilo lilitabiri afya yao vizuri kuliko kiwango cha lehemu katika damu. Kwa hiyo, katika umri uleule ambao sisi tunaulizana vyeo, lililokuwa na uzito lilikuwa ni nani uko naye. Tungekuwa na akili, hilo ndilo lingekuwa swali letu la kwanza.

Niliiomba kamati tuandike barua ya pili, na baada ya mjadala mrefu ilikubali. Tumeondoa hali ya ndoa, idadi ya watoto na tuzo. Kazi imebaki, lakini tunauliza mtu anashinda siku yake akifanya nini, swali ambalo dada yetu anayemtunza mama yake amelijibu kwa ukurasa mzima na nusu, akieleza jinsi anavyomwimbia mama nyimbo za utotoni kwa sababu hizo hazijamtoka. Tumeuliza anaishi na nani na anamtegemea nani. Tumeuliza ni jambo gani aliliamini kwa nguvu tulipokuwa chuoni ambalo haliamini tena, na hili limeleta majibu marefu kuliko yote, mengine ya siasa, mengine ya ndoa, mengine ya Mungu. Na tumemwomba kila mtu atuambie ni nini asichopenda kuulizwa atakapofika ukumbini, ambacho wajumbe tutakichunga kimyakimya bila kukichapa. Mwenzetu aliyemzika mtoto alitumia nafasi hiyo, kisha juu yake, mahali tulipouliza juu ya watu anaoishi nao, akaandika majina matatu.

Imebaki kazi ya waliotangulia mbele ya haki. Katika vijitabu vingi wao hupewa ukurasa wa mwisho, majina na miaka, ndani ya mstari mweusi. Tumekubaliana wawe katika mfuatano uleule wa alfabeti pamoja nasi, na kwamba habari ya kila mmoja wao iandikwe na aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja. Mimi nimepewa mmoja. Nina barua zake nne, picha mbili, na deni la kitabu nililomkopa mwaka wa pili ambalo sikulilipa. Nimeandika aya tatu na nimezifuta zote, kwa sababu kila nikianza najikuta naandika alisomea nini na alifanya kazi wapi.

Wale ambao hawajajibu, majina yao yatachapwa pia, kila moja na nafasi yake tupu chini yake yenye ukubwa sawa na ya wengine, ili anayesoma aone wazi kwamba tulimwachia mtu mahali. Kijitabu kinakwenda kwa mpiga chapa mwisho wa mwezi. Nina namba za simu saba ambazo bado hazijapokewa, na usiku wa leo nitazipiga tena.